Ruhusa ya Mama Siwema

Yoramu Kasanda ana mdomo, na Tabora nzima inajua. Ukiingia dukani kwake kutoa kopi, pale karibu na soko kuu, hutoki hujachokozwa. Mzaramo akiingia anaitwa mla nazi. Mgogo anaulizwa kama kwao mvua imeshawahi kunyesha. Wote hao ni watani wa Wanyamwezi, na Yoramu ni Mnyamwezi wa kutupwa, kwa hiyo hakuna anayenuna. Na msibani ndiyo usiseme! Aliwahi kuvaa kofia ya marehemu, akashika fimbo yake, akazunguka matanga yote anakohoa kama marehemu alivyokuwa akikohoa, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Kutania nako ni kazi, na yeye kazi hiyo anaijua.

Sasa mtu wa namna hiyo, hamsini na ushee, mwalimu wa shule ya msingi kabla hajafungua stationari, ukimwona kanyamaza ujue kuna jambo. Na siku hizi Yoramu amenyamaza. Unatoa kopi zako, anakupa, anasema asante, basi. Wapo wanaosema karogwa. Karogwa wapi! Kaona aibu tu, tena aibu ya kujitafutia mwenyewe.

Ilianza na Amne Masanja, mwalimu wa sekondari, binti wa Nzega aliyelelewa na babu yake mzaa mama kule Ipole. Ni yeye aliyekuja dukani na boksi kwapani, akauliza kama atapata meza na watu wa kucheza nao. Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu, dadu za pembe nyingi, na karatasi za wahusika. Mchezo wenyewe unaitwa Mzigo Begani, umetungwa na kampuni moja ya Dar es Salaam. Mnakaa mezani. Mmoja anakuwa kirangozi, ndiye anayesimulia njia. Wengine kila mtu anakuwa mtu fulani katika msafara wa zamani: mpagazi, mkalimani, mganga, mke wa mpagazi. Mkifika mtoni kirangozi anauliza, mnavuka au mnalala hapa? Unajibu, unarusha dadu, na hadithi inakwenda kule dadu zilikoipeleka. Hakuna anayemshinda mwenzake. Mnafika pamoja, au hamfiki.

Mwanzoni Yoramu alicheka. "Watu wazima na akili zenu, mnacheza kombolela juu ya meza?" Jumamosi ya kwanza akajaribu upagazi, akafa kwa kiu kabla hawajafika Tura, akakasirika kweli kweli. Jumamosi iliyofuata alifunga duka mapema, akawapangia viti mwenyewe. Ikawa ndiyo desturi.

Kipenzi cha meza nzima alikuwa mhusika mmoja wa mle kitabuni, Mama Siwema, mpishi wa msafara. Hacheki ovyo, hasemi sana, ila mpagazi akiugua yeye ndiye anayejitwisha mzigo wake. Akitokea Mama Siwema kwenye hadithi, hata dadu zikiwa mbaya kiasi gani, watu wanakula.

Kampuni ile ilikuwa na leseni kwa wachapishaji wa nje, yaani watu kama hawa wanaotaka kutunga vitabu vyao wenyewe juu ya mchezo wake. Amne aliisoma kwa sauti pale mezani, neno kwa neno. Kanuni za kuchezea ni za wazi: namna ya kurusha dadu, kupima uchovu, kugawana mizigo. Yeyote anaweza kuzitumia, akatunga njia yake, akachapa, akauza. Lakini wahusika wa kitabuni, picha na nembo, hivyo vimefungwa. Ukivitaka unaomba ruhusa kwa maandishi kwa mwenye navyo. Ukivichukua bila ruhusa, leseni inakufa, na kila ambaye jina lake liko kwenye jalada hachapi tena chochote cha mchezo ule.

"Kila mtu?" Yoramu aliuliza.

"Kila mtu, mwalimu. Ndivyo walivyoandika."

Wakaanza kuandika. Kitabu wakakiita Asali ya Ipole. Nusu ya kwanza ya Amne, nusu ya pili ya Yoramu. Amne aliandika juu ya msichana wa mrina asali anayesafiri kutoka Ipole kwenda Kwihara na mzigo wa nta, na njiani kila mara anakutana na mtu wa kusaidiwa, na kila akisaidia nta inapungua. Likizo nzima alishinda kwa babu yake, mzee Lugembe, akimuuliza mizinga inatundikwaje, nyuki wanaimbaje wakitaka kuhama. Kilikuwa kitu cha kwanza kuandika maishani mwake, na alitaka vifuate vingine. Alishaanza kusema "kitabu changu cha pili" kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikiwa.

Nusu ya Yoramu ilikuwa ya kuchekesha, lakini haikuwa inachekesha. Akaona dawa ni Mama Siwema.

"Amefungwa, mwalimu," Amne alimwambia. "Tuombe kwanza."

"Niachie mimi," Yoramu akasema, akachukua namba ya simu iliyoandikwa chini ya boksi.

Akapokea mwenye kampuni mwenyewe, Nurdini Pazi.

"Pazi? Wa wapi wewe?"

"Kisarawe."

"Toba! Kumbe siku zote nachezea mchezo wa Mzaramo! Hebu rudisheni jasho la babu yangu. Mlimpa shanga, akabeba mpaka mgongo ukapinda!"

"Na mzigo wenyewe hajaufikisha," Nurdini akajibu. "Tunamsubiri pwani mpaka leo."

Basi, moto ukawaka. Walitaniana mpaka wateja waliokuwa dukani wakaacha shida zao, wakasimama kusikiliza. Katikati ya kicheko Yoramu akasema, "Sikiliza, mtani. Mimi kwa fidia ya babu namchukua Mama Siwema wenu."

"Mchukue! Chukua na masufuria yake! Chukua kampuni nzima, mpagazi wewe, ila uibebe kichwani mpaka Tabora!"

"Na wewe njoo umchukue mke wangu Bertila, kanichosha!"

Akakata simu anafuta machozi ya kucheka. "Tayari," akamwambia Amne alipopita dukani jioni. "Mwenyewe kasema nichukue."

"Kwa maandishi?"

"Mwanangu, yule ni mtani wangu. Mtani unamwandikisha nini?"

Na Amne, kwa kuwa ni binti mwenye adabu, na huyu ni mtu mzima, akanyamaza.

Lakini Yoramu alijua. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Kama Nurdini angeshuka stesheni ya Tabora na begi lake, akabisha hodi na kusema nimekuja kumchukua Bertila, Yoramu angemtimua na mpini wa jembe. Alijua kabisa kwamba maneno yale yalikuwa ya kucheka, yakaishia palepale kwenye simu. Ila Mama Siwema alimtaka, na kuandika barua aliona uvivu. Akajifanya hajui.

Akamchukua. Tena afadhali angemchukua akamtunza! Alimfanya mlevi. Alimfanya auze chumvi ya msafara kwa kibuyu cha pombe, alale juu ya mzinga, nyuki wamfukuze, akimbie katikati ya kambi ya Kwihara kanga imebaki kwenye mti. Akaandika pembeni: hapa kirangozi asome kwa sauti ya puani. Na kwenye jalada, ili kitabu kipendeze, akabandika nembo ya kampuni.

Siku ya kukizindua walikodi ukumbi. Nusu ya Amne ilipochezwa, ukumbi ulitulia, na mama mmoja wa kwaya ya Moravian alionekana akijifuta macho. Nusu ya Yoramu ilipochezwa, watu nusura waanguke kwenye viti. Yoramu alirudi nyumbani kifua mbele. Nyuki, kanga, puani, kila alipokumbuka alicheka peke yake.

Simu iliingia asubuhi moja ya mwezi wa sita, Amne naye yupo dukani. Yoramu akaiweka sauti kubwa wote wasikie. Alikuwa Josepha, msimamizi wa leseni kule kwenye kampuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mla nazi!"

"Mimi Mhaya, mzee," Josepha akasema taratibu. Halafu akauliza ruhusa ya kumtumia Mama Siwema waliipata wapi.

Kabla Yoramu hajafungua mdomo, Amne aliinamia simu. "Dada, ruhusa ilitolewa kwa mdomo. Kuifuatilia kwa maandishi lilikuwa jukumu langu, sikufanya. Kosa ni langu."

Palikuwa na nafasi hapo. Neno moja tu lingetosha. Yoramu aliangalia stepla iliyokuwa mezani, akaishika, akaifungua, akaifunga.

"Na nani aliitoa?" Josepha akauliza.

"Bwana Nurdini mwenyewe."

"Bosi hawezi kuitoa, dada yangu. Mama Siwema siyo wa kampuni. Ni mtu kweli, mama mzazi wa bosi. Alikuwa anawapikia vibarua wa reli, kutoka huko Tabora mpaka pwani. Alitukubalia sisi tutumie jina lake na habari zake, kwa sharti kwamba mwingine yeyote akimtaka amwombe yeye mwenyewe. Hata bosi akitaka kumwongezea neno, anamwomba. Aliposikia kuna kitabu kimetoka Tabora na yeye yumo, alifurahi sana. Akataka asomewe. Mjukuu wake akasoma nusu, mama akamwambia basi."

"Alifurahia Tabora kwa nini?" Yoramu akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kupungua.

"Si kwao, mzee? Mama ni Mnyamwezi wa Kwihara. Baba yake bosi ndiye Mzaramo."

Lahaula! Msomaji asiye wa huku atauliza kuna nini hapo. Kuna kila kitu hapo. Mzaramo ni mtani, utamvisha, utamvua, atacheka na atakulipizia kesho. Lakini mwanamke wa kwenu, Mnyamwezi mwenzako, umri wa shangazi yako, huyo unamwamkia ukiwa umeinamisha kichwa. Huyo humtajii hata pombe. Yoramu alikuwa amemvua kanga shangazi yake mbele ya ukumbi mzima, na akaandika na sauti ya kumchekea.

Josepha akamaliza. Vitabu vyote virudishwe, pamoja na vilivyokwisha kutoka. Leseni imesimamishwa, na majina yote mawili yatafutwa, labda Mama Siwema aseme vingine. Mwenyewe kwa sasa yupo Kwihara kwa mdogo wake, amekuja kwa mavuno ya karanga.

Amne hakulia. Alianza kushusha vitabu kwenye rafu, kimoja kimoja, akivipanga chini. "Babu kaweka chake kwenye sanduku la nguo nzuri," alisema. "Itabidi nikamnyang'anye." Yoramu alijaribu kumsaidia kushusha, akashusha viwili, akaenda nyuma ya duka akajifanya anatafuta kamba. Jioni alimpigia Nurdini. Nurdini hakutukana. "Mtani, wewe na mimi tulitaniana, sina kinyongo," alisema. "La mama sina la kukwambia." Bora angetukana.

Kwenda Kwihara lilikuwa wazo la Amne. Yoramu alitaka kukataa, akakosa sababu ya kusema kwa mdomo. Walipanda bajaji asubuhi, Amne kapakata kanga mpya na kilo za sukari, Yoramu kapakata nakala ya kitabu. Njia nzima hakumtania hata dereva. Dereva alikuwa Mzaramo, na alimchokoza mara mbili, akaishia kumuuliza kama anaumwa.

Walimkuta Mama Siwema uani, kwenye mkeka, anabambua karanga pamoja na wifi yake Mektilda. Mdogo wake Adriano alikuwa pembeni anashona magunia. Mwanamke mwembamba, mweusi, kajifunga kilemba cheupe. Hakufanana hata kidogo na yule wa kwenye kitabu cha Yoramu. Alifanana na mama yake Yoramu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," akawasalimia na kwa Kinyamwezi. "Karibuni, karibuni. Mektilda, wape michembe wageni, wametoka mjini hawa, hawajala."

Yoramu akashika kipande cha kiazi kikavu mkononi, kikakaa hapohapo. Angepigwa na magongo angejua pa kujikinga. Kwa mama anayekukaribisha chakula unajikinga na nini?

Amne alipiga magoti. Akajieleza, akaomba radhi, akarudia yale ya kwenye simu: kuifuatilia ruhusa lilikuwa jukumu langu, kosa ni langu. Mama Siwema alimsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ndiye uliyeniandika?"

"Jina langu lipo pale juu, mama."

"Sikuuliza jina."

Karanga zikaacha kubambuliwa. Mdomo wa Yoramu, kwa mazoea yake, ulishaandaa kichekesho kimoja cha kuponyokea, na yeye mwenyewe akakisikia kinakuja, akakimeza.

"Mimi, mama. Mimi ndiye."

"Haya. Nisomee. Mjukuu wangu alikuwa anarukaruka, nikajua kuna mengine anayaficha."

"Mama, nakuomba..."

"Nisomee, mwanangu. Wengine wote wameshasikia."

Akafungua. Akasoma. Alisoma pombe, alisoma chumvi, alisoma mzinga. Yale maneno yaliyoangusha watu kwenye viti yalitoka pale uani makavu, moja baada ya jingine, hakuna aliyecheka. Adriano alikuwa ameinamia gunia lake, haliangalii. Yoramu alifika kwenye yale maandishi ya pembeni, na kwa kuwa alikuwa anasoma kila kitu, akayasoma nayo: hapa kirangozi asome kwa sauti ya puani.

"Basi soma hivyo," Mama Siwema akasema.

Na akasoma. Mtu mzima, mwalimu, baba wa watoto, alikaa kwenye kigoda Kwihara akasoma kwa sauti ya puani namna mama huyu alivyokimbia bila nguo, mbele ya mdogo wake na wifi yake. Alijaribu kufika mwisho wa ukurasa. Alishindwa. Kitabu kikashuka magotini.

"Watu walicheka hapo?"

"Walicheka, mama."

"Na wanawake?"

"Na wanawake."

Mama Siwema akatikisa kichwa taratibu. "Chumvi sikuwahi kuuza," alisema. "Wale vibarua wakienda kazini walikuwa wananiachia mimi funguo za vyumba vyao. Wote."

Hapo ndipo Yoramu alipovunjika. "Mama, ruhusa hapakuwa na ruhusa. Mwanao alinitania, na mimi nilijua ananitania. Huyu binti nilimdanganya. Na siku ya simu alijitwika kosa langu, nikamwona anajitwika, nikanyamaza."

Amne aligeuka, bado yuko magotini. Alikuwa hajui. Muda wote ule alikuwa anaomba radhi kwa kosa la kusahau karatasi. "Mwalimu?" alisema, neno hilo moja tu, na Yoramu hakuweza kumtazama.

Mama Siwema alimwambia Amne anyanyuke, akae mkekani, amsimulie ya kwake. Amne akaanza kwa kusitasita, msichana, nta, njia ya Ipole. Mama alimkatiza mara moja kuuliza ile nta ilifungwa na majani gani, akacheka kidogo aliposikia jibu. Mektilda akarudia karanga zake. Hadithi ilipokwisha mama alimgeukia Yoramu.

"Wewe ulikuwa mwalimu. Una mwandiko?"

"Ninao, mama."

"Chukua karatasi. Andika kwa herufi kubwa, ndogo macho yangu hayazioni."

Yoramu akaandika, kitabu chake mwenyewe amekifanya meza: Mimi Siwema Kalunde wa Kwihara namruhusu Amne Masanja aniandike katika kitabu chake, jina lake likiwa peke yake juu ya jalada.

"Ongeza," mama akasema. "Mwingine hapana."

Akaongeza. Mwingine hapana. Herufi zilikuwa zimesimama vizuri, za kufundishia darasa la kwanza. Mama Siwema aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na uso wake, akaisoma mwenyewe kwa kufuata na kidole mpaka mwisho. Akaweka sahihi yake, akamkabidhi Amne. Halafu akamwangalia Yoramu, bila hasira, kama anauliza kitu ambacho kweli hakijui.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Sasa, mwanangu, mkono huu ulishindwa nini kuniandikia barua?"

Walimsubiri ajibu, wote wanne.